Ivuna: Jiwe la Mbinguni na Kasheshe la Mbegu

Ukitaja kimondo, kila mtu wa mjini anakimbilia Mbozi. Sawa, lile dude la chuma pale Ndolezi linapendeza kupiga nalo picha. Lakini leo, mpenzi msomaji, tusiishie hapo. Tuteremke hadi Ivuna, mkoa huohuo wa Songwe, wilaya ya Momba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa.

Ivuna ni joto, tambarare na chumvi. Brian Fagan na John Yellen, mabingwa wa mambo ya kale, walichimbua hapo miaka ya 1960 wakakuta mabaki ya kazi ya chumvi ya mamia ya miaka. Lakini jina la Ivuna halikuvuka bahari kwa sababu ya chumvi.

Tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka jiwe jeusi kutoka angani. Uzito? Kama gramu 705 tu, hata kilo halifiki! Dogo, lakini la aina adimu mno: lina kaboni na lina dalili za kuwahi kuloa maji huko lilikotoka.

Basi bwana, mwaka 1961 George Claus na Bartholomew Nagy, waliokuwa Marekani, wakaweka chini ya darubini vipande vya Ivuna na vya Orgueil, jiwe lililoanguka Ufaransa mwaka 1864. Wakatangaza wameona visukuku vidogo mfano wa mimea ya majini. Aina moja hawakuweza kuifananisha na kiumbe chochote cha duniani. Uhai kutoka angani! Si mchezo.

Edward Anders na Frank Fitch wa Chicago wakaja juu. Wakaonyesha kuwa ile aina ya ajabu ilikuwa chavua ya gugu la hapahapa duniani, iliyopotoshwa umbo na rangi za maabara. Chavua hupeperuka, na jiwe lenye vinyweleo haliwezi kuikataa.

Kasheshe kubwa likaja mwaka 1964. Kipande cha Orgueil, kilichofungiwa kwenye chupa huko Montauban tangu enzi za kuanguka, kilikutwa na mbegu. Mbegu kweli, siyo vumbi! Walipoilinganisha na mimea inayojulikana, wakakuta ni ya jamii ya majani ya majimaji yanayoota hukohuko Ufaransa. Pembeni kulikuwa na makaa ya mawe na gundi. Mjanja mmoja alikuwa ameichomeka, akaziba. Hadi leo hajajulikana.

Udanganyifu huo ulikuwa wa Orgueil, siyo wa Ivuna. Hata hivyo somo ni la wote: kabla hujauliza mbegu hii ni ya mmea gani, uliza kwanza imeingiaje humu.

Lakini msilidharau jiwe letu. Mwaka 2001 wanasayansi walieleza kuwa ndani ya Ivuna na Orgueil mna asidi-amino, malighafi za uhai, na dalili zilionyesha zimetoka angani. Halafu Desemba 2020 chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 kutoka kwenye gimba la Ryugu. Kupima, kumbe ni ndugu wa Ivuna! Kundi lote la mawe hayo duniani linaitwa kwa jina la kijiji hicho.

Kwa hiyo ukipita Tunduma, usiishie mpakani kununua viatu. Uliza njia ya Ivuna. Mbegu ya mbinguni hutaikuta, lakini utakuwa umekanyaga mahali ambapo wanasayansi wa dunia nzima wanapataja.