Mabati Yaliyotoka Chunguni

Aliyekulia kota za reli Tabora katika miaka ya 1980 hakuhitaji saa ya ukutani. Siku yetu iligawanywa na treni. Ya kutoka Dar es Salaam ikiingia, mabehewa yalikatwa palepale stesheni: mengine yakaenda Kigoma, mengine Mwanza, mengine yakafuata njia ya Kaliua hadi Mpanda. Wajerumani waliifikisha reli hiyo Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, enzi ya Mwingereza. Baba alikuwa fundi wa mabehewa. Kazi yake ilikuwa kupita kando ya treni iliyosimama, mkononi nyundo yenye mpini mrefu, akigonga magurudumu moja baada ya jingine na kutega sikio. Gurudumu zima hulia kwa sauti safi. Lenye ufa mlio wake hukatika. Aliyafanya hayo usiku na mchana, jua na mvua, na jioni akishanawa mikono alikuwa na neno lake lisilochuja: "Nikistaafu."

Nikistaafu nitarudi Nzega. Nikistaafu nitalima mpunga mbugani, nitatundika mizinga porini, nitalala usiku kucha kama watu wengine. Zaidi ya yote: nikistaafu nitakaa kwenye nyumba yangu ya bati. Kota ilikuwa mali ya mwajiri, na kila mfanyakazi alijua kwamba siku ya mwisho wa kazi ndiyo siku ya kurudisha ufunguo. Tuliwaona wazee waliorudisha ufunguo bila kuwa na pa kwenda, wakapanga chumba uswahilini mjini hapohapo, na mkupuo wao wa mafao ukaliwa na kodi. Baba aliliogopa hilo kuliko alivyoogopa kukatwa mkono na mabehewa.

Neno lilikuwa lake, lakini kazi ilikuwa ya mama. Alikuwa na sheria moja ya jikoni, na hakuna aliyethubutu kuivunja: mshahara hauingii chunguni. Mshahara ulinunua chumvi, sabuni, mafuta ya taa na sare za shule. Chakula kilitoka shambani. Alilima pembezoni mwa mji, na nyuma ya kota kila futi ya ardhi ilikuwa na kitu: mchicha, matembele, maboga yaliyotambaa hadi juu ya paa la choo. Baada ya mavuno ya viazi vitamu alichemsha, akamenya, akakata vipande na kuanika juani hadi vikawa vigumu. Hayo ndiyo matobolwa. Vile vilivyokatwa vibichi na kukaushwa tuliviita michembe. Kwetu mkate ulikuwa wa wageni. Asubuhi yetu ilikuwa matobolwa, konzi ya karanga na chai. Sukari ilipoadimika, na miaka ile iliadimika mno, chai iliungwa asali, kwa sababu Tabora asali ilikuwa rahisi kupata kuliko kilo moja ya sukari ya foleni.

Mchana na usiku ulikuwa ugali. Mvua zikiwa nzuri, ugali wa mahindi yetu au wa mtama. Zikiwa mbaya, ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli kutoka Marekani, wenye harufu ambayo hakuna mwenye umri wangu ameisahau. Mboga ilibadilika kwa majira. Masika tulikula mlenda na majani ya maboga, na uyoga uliookotwa porini. Treni ya Kigoma ilileta dagaa na mawese. Mama alijuana na wachuuzi wa njia ile, na dagaa wake aliwanunua kwa bei ya jukwaani, kabla hawajafika sokoni. Aliwachambua mchanga, akawaosha kwa maji ya moto, akawakaanga bila mafuta hadi wakatoa harufu, ndipo nyanya na kitunguu vikafuata. Nyama ilikuja mwisho wa mwezi, nusu kilo, na iligawanywa kwa haki na kwa macho ya watu wote.

Mwezi ulipofika kona, tulikula nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa na kutunzwa kwa ajili ya kiangazi. Namwona bado akiyaandaa. Kwanza aliyaloweka kwenye maji ya vuguvugu, akayakamua na kuyarudisha kwenye maji mapya. Chungu kikawekwa kwenye mafiga, likatiwa donge dogo la magadi ili majani yalainike upesi na kuni zisiishe. Huku yakichemka, alitwanga karanga mbichi kwenye kinu, akachekecha kwa ungo, akatwanga tena chenga zilizobaki. Unga ule wa karanga aliumwaga taratibu kwa mkono mmoja, mwiko ukizunguka kwa mkono wa pili, moto ukiwa umepunguzwa. Hapo hakuna kuondoka, maana karanga huungua chini upesi. Tulijua imeiva pale mafuta ya karanga yalipopanda yenyewe na kung'aa juu ya mchuzi. Katika chungu kizima, kilichotoka dukani kilikuwa chumvi tu.

Kaka yangu, aliyekuwa kwenye umri wa kula na kutoshiba, alilalamika jioni moja: "Mama, nsansa tena?"

"Kula, mwanangu," mama akamjibu bila kuinua macho. "Unakula bati hilo."

Kile ambacho hakikununuliwa kwa ajili ya chungu kilinunua bati. Miaka ile bati na saruji vilikuwa adimu sawa na sukari. Vilipatikana kwa kibali na kwa kuvizia mzigo ukishushwa. Mama hakusubiri hela ya nyumba nzima itimie. Likipatikana bati moja alinunua moja, yakipatikana mawili alinunua mawili. Yalisimamishwa chumbani kwao yakiegemea ukuta, yamefunikwa kanga kuukuu, na kila mara ukuta ule ukasogea kidogo kuelekea kitanda. Sisi watoto tulianza kupima chakula kwa hesabu hiyo. Tukila maharage wiki nzima tuliulizana kwa siri kama bati jipya limeingia, na likiingia tulikwenda kuligusa. Sikumbuki kuona njaa kuwa aibu nyumbani kwetu, na nadhani sababu ni hiyo: kila tulichojinyima tulikiona kimesimama chumbani.

Majirani wengine nao walijinyima, ila wao waliweka hela. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini shilingi ya miaka ile ilioza. Bei zilipanda kwa takriban asilimia 30 kila mwaka. Mwanzoni mwa mwaka 1986 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 17. Kufikia mwaka 1991 ilikuwa imepita shilingi 200. Mzee aliyekuwa ameweka kwenye kitabu cha benki hela ya kutosha nyumba, alipokwenda kuichukua ilimtosha milango. Mama hakusoma uchumi, wala hakuzungumza habari za thamani ya sarafu. Aliona tu kwamba hela iliyonunua bati jana leo hainunui, na kwamba bati la jana bado ni bati. Akaendelea kununua.

Baba alistaafu mwaka 1991, akiwa na miaka 55. Mafao yake yalichelewa, kama yalivyochelewa ya wengi, na yalipofika yalikuwa yamepungukiwa nguvu. Kwa wenzake kuchelewa kule kulikuwa msiba. Wako waliokopa kwa kutegemea hundi, ikaja ikaishia kwa wadai. Wako walionunua gari kuukuu la biashara, likawafia. Wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, walikuwa bado wanadai haki zao, na waliendelea kudai miaka mingi baadaye. Sisi tuliyapakia mabati kwenye behewa, tukashuka stesheni ya Bukene, upande wa Nzega, na mkokoteni wa ng'ombe ukamalizia safari. Kuta za tofali za kuchoma zilikuwa zimesimama tayari, zilipandishwa likizo baada ya likizo. Hundi ilipowasili hatimaye ilinunua maksai wawili na plau, kwa sababu paa lilikuwa limekwisha kuezekwa.

Nilipokwenda kuwasalimia baada ya mavuno ya kwanza, niliona jambo ambalo limekaa nami hadi leo. Meza haikuwa imebadilika hata kidogo. Asubuhi matobolwa na karanga, chai ya asali. Safari hii asali ilikuwa ya mizinga ya baba mwenyewe. Jioni ugali wa mtama na nsansa. Watu wengi siku ya kustaafu ndiyo siku ya kujifunza upya kula: mkate unaondoka, nyama inaondoka, mafuta ya kupikia yanapimwa kwa kijiko, na kila kinachoondoka kinamkumbusha mzee kwamba ameshuka. Baba hakushuka popote. Mshahara ulikoma, na chungu hakikujua. Mama alikuwa amemfundisha kuishi kwa kinachotoka shambani miaka mingi kabla shamba halijawa tegemeo lake pekee. Alikula kwa furaha ya mtu aliyepata alichokitaka, kisha akalala usiku kucha.

Sasa mimi mwenyewe naukaribia umri wa kustaafu, na kazini mazungumzo ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao. Kanuni ya mwaka 2018 iliyotaka mstaafu apewe mkupuo wa asilimia 25 ilizua kilio kikubwa, na ikasitishwa Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 ikapandishwa, hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu hapo awali. Nawaunga mkono wanaodai zaidi. Mtu aliyegonga magurudumu usiku wa mvua kwa miaka 30 hadai hisani, anadai chake, na hakuna nsansa inayoweza kufidia haki ya mtu. Simhubirii mfanyakazi yeyote kwamba ajibane ili mwajiri apumue.

Ninachotaka kusema kiko upande mwingine. Katika makaratasi yote ya kustaafu kwa baba, barua, fomu, hundi, jina la mama lilikuwa mahali pamoja tu, kwenye mstari wa mke. Lakini shamba lililolisha kota lilikuwa lake. Karanga zilizotwangwa badala ya mafuta ya dukani alizitwanga yeye. Paa lililomfanya baba aweze kungoja hundi bila kudhalilika lilitoka chunguni mwake. Siku baba anaagwa kwa soda na hotuba, mama alikuwa jikoni akiwapikia waliokuja kumuaga. Yeye hakustaafu. Hakuwa na mwajiri wa kumwandikia barua, hakuchangiwa hata shilingi moja, na hadi nguvu zilipomwishia aliendelea kuamka alfajiri kwenda shambani kama alivyofanya tangu ujana wake.

Wanawake wa namna yake bado ndio wengi. Ni mama lishe, wachuuzi wa dagaa, wakulima wa bustani, wake wa wafanyakazi ambao kubana kwao matumizi ndiko kunakoufanya mshahara wa mtu mwingine ufike mwisho wa mwezi. Tofauti ni kwamba leo mlango upo: aliyejiajiri anaweza kujiandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kuchangia kwa hiari, kwa jina lake. Mimi na mke wangu tulianza na yeye, ambaye anauza vitenge na hana hati ya mshahara, kabla ya kujadili kikokotoo changu. Kila ninapowasikia wenzangu wakipiga hesabu za mkupuo wao, nawauliza swali hilohilo: aliyekupikia miaka yote hii, yeye atastaafu lini, na atalipwa na nani? Anayeshindwa kulijibu bado hajamaliza kupanga kustaafu kwake.