Reli ya Kibos na Elimu ya Wasioona

Katika siku za utoto wetu hapa Fort Ternan, mtoto aliyepofuka, na aghalabu sababu yake ilikuwa surua, hakuhesabiwa miongoni mwa wanaostahiki kalamu na daftari. Alipendwa, akalishwa, akaombewa dua, kisha akaachwa kivulini wenzake walipokwenda shule. Ndugu yangu anifuataye alikuwa mmoja wao, na habari ya masomo yake ndiyo iliyonitia hamu ya kumjua mtu ambaye sikupata kuonana naye, yaani John Wilson.

Mwingereza huyu alipofuka mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 12, kwa mripuko uliotokea katika maabara ya shule yake huko Scarborough. Walakini hakukatiza masomo, akafika hata Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1946 na 1947 alizunguka Afrika na Mashariki ya Kati kuchunguza hali ya wasioona katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza, na mwaka 1950 akaasisi jumuiya ambayo leo yaitwa Sightsavers. Fadhila yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba yeye mwenyewe asiyeona alikataa katakata wasioona wafanywe watu wa kungojea sadaka, akashikilia kuwa wafundishwe, wafanye kazi, na upofu unaozuilika uzuiliwe. Hapa Kenya Jeshi la Wokovu walikuwa wamekwisha kuanza kazi hiyo Thika mwaka 1946, na mwaka 1956 ikaundwa kwa sheria Kenya Society for the Blind.

Kwetu habari hizo zililetwa na mchungaji mmoja, aliyemwambia mama yetu, “Mama, mtoto huyu ana masikio na ana vidole, mpe shule.” Mama akajibu, “Bwana mchungaji, asiyeuona hata moto atasomaje?” Hata hivyo alikubali, na ndugu yangu akapandishwa gari la moshi, akapita Koru, Muhoroni, Kibigori na Miwani, akateremka Kibos, kwenye shule ya wasioona.

Aliporudi likizo alikuja na kibao chenye vijitundu na msumari mfupi wenye kishikio cha mbao. Aliitia karatasi nene ndani ya kibao, akaidunga kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zote zikiwa kinyume, kisha akaigeuza, na vidole vyake vikasoma kutoka kushoto kwenda kulia zile nukta sita alizozitunga kijana Mfaransa asiyeona, Louis Braille, mwaka 1824. Tangu siku ile mama alitukataza tusiweke kitu chochote juu ya karatasi zake, nukta zisije zikalala.

Lakini ilimu ile ilikuwa na gharama yake, nayo yanihuzunisha hata leo: ndugu yangu alirejea akijua Kiswahili na Kijaluo kuliko Kikipsigis, lugha ya kwetu, na wazee walipozungumza alinyamaza. Kwa hiyo nilifurahi vilipoanzishwa mwaka 1984 vituo vya tathmini, vya kumpima mtoto na kuelekeza masomo yanayomfaa, na zaidi Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, ilipoyafanya maandishi hayo ya nukta, yaani Breli, kuwa haki ya asiyeona, pamoja na kusoma katika shule zinazomchanganya na wenziwe. Sasa iko mashine ya Perkins, yenye vitufe sita vya nukta, na iko simu isomayo kwa sauti; ila nimeona pia mtoto ameketishwa katika darasa la shule ya jirani bila kitabu hata kimoja cha nukta, akisikiliza tu tangu asubuhi hadi jioni. Kuliko hayo, ni afadhali Kibos na umbali wake.

Ewe mzazi mwenzangu wa Chilchila au Kipkelion, ukiwa na mtoto asiyeona, mpeleke mapema kwenye kituo cha tathmini, wala usimwandikishe katika shule yoyote mpaka mwalimu mkuu akuonyeshe vitabu vya Breli na mwalimu ajuaye kuvisoma.