Mahali Tone Linapoanguka Sipo Linapotoka

Kila mwenye pikipiki ajua uchungu wa kuamka alfajiri na kukuta doa jeusi la oili sakafuni, chini ya chombo alichokiegesha jioni kikiwa kikavu. Doa lenyewe huwa dogo, pengine halizidi sahani ya kikombe cha chai. Walakini huleta maswali mengi nyumbani, na la kwanza kuulizwa aghalabu ndilo lenye faida ndogo kuliko yote: Ni nani aliyeigusa mara ya mwisho? Katika kisa hiki ninachokusudia kukusimulia, ndugu msomaji, swali hilo lilikaribia kumtoa kijana mmoja kazini.

Pikipiki yangu ni ya sisi 125, nami niliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Hunipeleka kazini, hunifikisha penye habari ambako daladala haziendi, na asubuhi humchukua mwanangu wa darasa la tatu hadi mlangoni pa shule. Injini yake ni ya ule mpango ambao kampuni ya Honda iliutoa mwaka 1976 katika pikipiki iitwayo CG125, yenye fimbo ndefu za kusukumia vali, iliyokusudiwa watu wasio na karakana kubwa karibu nao. Pikipiki nyingi za bodaboda tuzionazo leo zimefuata mpango huo. Ni injini rahisi, nayo huchukua oili karibu lita moja tu. Wepesi huo una hatari yake, kwani katika lita moja hakuna akiba ya kuchezea. Robo lita ikipotea bila wewe kujua, vyuma vinaanza kusagana.

Tena kuna hatari iliyo kubwa zaidi. Oili ikitoka upande wa kushoto wa injini, mnyororo huichukua na kuitupa nyuma, na tairi la nyuma haliko mbali. Mtu anayempakia mtoto nyuma yake hawezi kulichukulia jambo hilo kwa mzaha. Mama watoto alilitazama doa mara moja tu, akasema, "Baba, mtoto hapandi tena mpaka ujue ni nini." Tangu siku hiyo mwanetu akawa anaamka saa kumi na moja ili awahi daladala pamoja na mama yake.

Oili ilikuwa imebadilishwa siku iliyotangulia, katika karakana moja ya mtaani kwetu, na aliyeibadilisha alikuwa kijana mwanagenzi wa miaka kama kumi na minane. Niliporudi kueleza habari ya doa, fundi mkuu aliinama, akaona tone limening'inia kwenye bolti ya kumwagia oili, akainuka akiwa amekwisha kata shauri. "Huyu amekaza kama anafunga lori," akasema. "Amekata hesi. Gharama itatoka kwenye posho yake, na akirudia aende zake."

Tuhuma hiyo haikuwa ya kipuuzi. Tumbo la injini ni la aluminiamu, nayo ni laini kuliko bolti ya chuma. Mtu akitumia spana ndefu na nguvu nyingi, hesi hung'oka kama uzi wa shati, na tangu hapo bolti haishiki. Mafundi wengi wamekwisha kuyaona hayo. Kijana hakujibu neno. Aliangalia mikono yake, kama mtu anayejaribu kukumbuka ilifanya nini jana. Nilimwomba fundi asikate hata senti moja kabla hatujajua ukweli. Fundi akaniambia, "Kaka, wewe andika magazeti, mimi najua pikipiki."

Ikafungwa washa mpya ya shaba. Siku ya pili doa likarudi. Ikanunuliwa sili mpya ya mhimili wa sproketi, ile pete ya mpira inayoizuia oili isifuatane na mhimili unapotokeza nje, kutoka duka la vipuri Kariakoo. Pakawa pakavu kwa siku tatu, kisha doa likarudi. Ikabadilishwa gasketi ya kifuniko cha klachi, nako mambo yakawa yale yale. Kila tulipoziba palikauka kidogo, kisha pakavuja tena, au pakavuja pengine. Fedha ya sokoni ilikuwa ikiishia kwenye vipande vya mpira na karatasi, na kila doa jipya liliandikwa katika hesabu ya yule kijana, ingawa sasa tulikuwa tumekwenda mbali na bolti yake.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tunaziba bila kutafuta. Jumapili moja karakana ikiwa imefungwa, nilimwita kijana nyumbani, tukaanza kazi upya kwa utaratibu. Nitaueleza utaratibu huo, maana unaweza kumfaa msomaji yeyote, na hauhitaji chombo cha thamani.

Kwanza, hakikisha ni oili ya injini. Tandika kipande cha boksi jeupe chini ya pikipiki usiku kucha. Petroli hukauka upesi na harufu yake haifichiki. Grisi ya mnyororo ni nzito na huchanganyika na mchanga. Oili ya injini huteleza kati ya vidole na huacha doa la kahawia au jeusi lisilokauka. Letu lilikuwa oili, bila shaka yoyote.

Pili, osha injini yote. Haiwezekani kutambua oili mpya juu ya oili ya zamani. Tulitumia mafuta ya taa na brashi, injini ikiwa imepoa, kisha tukaifuta mpaka ikang'aa. Petroli isitumike kwa kazi hii, kwani mvuke wake huwaka kwa cheche moja tu. Tatu, paka poda. Tulichukua poda ya mtoto tukainyunyiza kwenye kila kiungo, kila bolti na kila mhimili unaotokeza, hata injini ikawa nyeupe kama mwokaji mikate. Oili ikipita juu ya poda huacha mstari mweusi, nao mstari huo ukiufuata kwenda juu utakufikisha kwenye chimbuko lake.

Jambo hilo la kwenda juu ndilo siri kubwa ya kazi hii. Oili haikai pale ilipotokea. Hushuka kwa uzito wake, huambaa kwenye mapezi na mifereji ya injini, na pikipiki ikiwa mwendoni upepo huirudisha nyuma. Mwisho hukusanyika mahali palipo chini kuliko pote, na mahali hapo, katika injini nyingi, ndipo ilipo bolti ya kumwagia oili. Kwa hiyo bolti hiyo huning'iniza tone la kila mwenye kosa. Kijana aliposikia hayo aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu aje.

Tuliiwasha injini tukaiacha ikinguruma polepole pale uani, penye hewa, mikono yetu ikiwa mbali na mnyororo. Dakika kumi zikapita bila hata mstari mmoja. Nilitoka nayo barabarani peke yangu, kutoka Tabata mpaka Ubungo na kurudi, nikienda mwendo wa kilomita sitini kwa saa paliporuhusu. Niliporudi tukapiga magoti na tochi. Poda ilikuwa imelowa mahali patatu kwa wakati mmoja: kwenye mhimili wa sproketi, kwenye mhimili wa kanyagio la gia, na kwenye ukingo wa kifuniko cha klachi. Bolti yenyewe ilikuwa na poda kavu kuizunguka pande zote, na tone lililoning'inia juu yake lilikuwa limeshuka kutoka juu kwa mstari mmoja ulio wazi.

Basi tulikuwa na fumbo kamili. Injini ikiwa polepole haivuji, ikienda kasi yavuja mahali patatu, na mawili kati ya hayo yalikuwa na vipuri vipya.

Jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kusaga nafaka. Alikuwa amekaa barazani kwake akitutazama. Nilikwenda kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnaoka mkate au mnatengeneza pikipiki?"

Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na injini yenu inapumulia wapi?"

Swali hilo lafaa kuelezwa. Pistoni inaposhuka ndani ya silinda husukuma hewa iliyo chini yake. Katika injini ya sisi 125, kila mshuko husukuma hewa ya ujazo wa moja ya nane ya lita. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hushuka mara 100 kwa sekunde moja. Zaidi ya hayo, gesi kidogo ya mwako hupenya kando ya ringi na kuingia tumboni mwa injini. Hewa hiyo yote huhitaji njia, nayo njia yake ni mpira mdogo wa kupumulia unaotoka juu ya injini. Mpira huo ukizibika, tumbo la injini hujaa msukumo, na oili hutoka kwa nguvu popote penye unyonge. Ukiziba hapa itatokea pale. Injini ikiwa polepole msukumo huwa mdogo, na ndiyo sababu hatukuona kitu pale uani.

Tuliufuata mpira kwa vidole, kutoka kwenye injini kwenda juu, ukipita nyuma ya betri. Hapo kijana akasema, "Kaka, hebu gusa hapa." Mpira ulikuwa umebanwa bapa, kama utambi wa taa, chini ya kipande cha chuma kinachoshika keria. Keria hiyo ilifungwa na mchomeleaji mmoja, siku chache kabla ya oili kubadilishwa. Mkono uliofanya kosa ulikuwa umekwisha ondoka, na mkono uliofuata ndio uliokutwa penye doa.

Hatukufurahi mapema. Tulilegeza kile chuma, tukautoa mpira, tukauelekeza njia nyingine, na hatukugusa kitu kingine chochote. Hilo nalo ni jambo la kushika: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichoponya. Nikaosha, nikapaka poda, nikaenda Ubungo tena. Mhimili wa gia ulikuwa mkavu. Kifuniko cha klachi kilikuwa kikavu. Sproketi peke yake ililowa kidogo, kwa kuwa ile sili mpya ilikuwa imekwisha kusukumwa ikatoka mahali pake. Tukaweka nyingine, na boksi jeupe likalala chini ya pikipiki usiku saba bila doa.

Jumatatu ya pili nilikwenda karakana pamoja na kijana. Fundi akafungua ile bolti mwenyewe, akaingiza kidole, akazipapasa hesi moja baada ya nyingine. Zilikuwa nzima. Alikaa kimya kitambo, kisha akaingiza mkono mfukoni akahesabu posho ya wiki mbili aliyokuwa ameizuia, ingawa nilimsihi asiizuie, akamkabidhi kijana mbele ya wenzake. Hakutamka neno la kuomba radhi. Alisema tu, "Waonyeshe na hawa habari ya poda." Kijana akawaonyesha.

Nimeitafakari sana ile posho ya wiki mbili. Kwa fundi ilikuwa fedha ndogo, lakini kwa kijana aliyepanga chumba ilikuwa kodi na chakula. Lau tungeendelea kuziba bila kutafuta, angekwenda zake akiwa na jina la mharibifu, na pikipiki ingeendelea kuvuja vile vile.

Katika nyumba zetu pia kuna madoa. Sukari inakwisha kabla ya mwezi, na anayetazamwa ni msichana wa kazi. Mtoto anarudi na alama mbaya, na anayelaumiwa ni mwalimu wa mwaka huu. Yamkini lawama ni ya haki, na yamkini tone limeshuka tu kutoka juu. Mwenye busara huosha kwanza, akapaka poda, akaufuata mstari mpaka mwisho wake, ndipo akasema jina la mtu.

Mwanangu sasa amerudi kwenye kiti chake cha nyuma, na asubuhi anaamka saa kumi na mbili. Kabla ya kupanda huinama kwanza akachungulia chini ya injini, nami humsubiri mpaka aridhike.