Mpinzani Wangu wa Ng'ambo ya Songwe

Kyela, Jumatano, 1 Machi 2023

Mvua tangu alfajiri. Umeme umerudi saa mbili usiku, nikafungua orodha ya maangalizi yangu kwenye kamusi elezo, Wikipedia ya Kiswahili. Makala ya ziwa lililo mpakani mwetu na Malawi imeguswa tena. Kwenye historia ya ukurasa kuna mstari mmoja tu: saa, jina la mhariri, na namba nyekundu, −412. Hiyo nyekundu ndiyo aya yangu ya mpaka, imefutwa yote. Kwenye muhtasari kaandika: "Siasa, si jiografia."

Ukurasa wake wa mtumiaji unasema ni mzaliwa wa Karonga, kazi anafanya Blantyre. Kiswahili chake ni cha mtu aliyekipata sokoni kabla ya kukikuta kitabuni. Nimeirejesha aya na kuandika: "Mpaka ni jiografia." Haikupita robo saa, nyekundu tena.

Nimefunga kompyuta bila kumjibu. Ugomvi wa baraza kuna mzee atakohoa, watu watulie. Huu wa kuandika hauna mzee. Kila mtu anakwenda kulala akijua yeye ndiye mwenye haki.

Ijumaa, 3 Machi

Kwenye Wikipedia ya Kiingereza kuna kanuni inayojulikana na kila mhariri mgomvi: ukitengua kazi za wenzako zaidi ya mara 3 ndani ya saa 24 katika ukurasa mmoja, unaweza kufungiwa. Haiulizi nani mkweli. Mwenye haki na asiye na haki wote wanaambiwa watoke kwenye makala, waende ukurasa wa majadiliano wakasemezane.

Nimekwenda. Nimemwita ndugu, nimeomba atoe sababu. Amenijibu "Mwalimu", maana yake naye kanichungulia ukurasani kwangu, kisha akamwaga hoja. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890, kifungu cha kwanza: mpaka unafuata ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa mpaka ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Mto Songwe. Ufukwe, kasema, hakuna neno "katikati" humo. Halafu azimio la OAU, umoja wa nchi za Afrika, la Cairo, 1964: mipaka iheshimiwe kama ilivyokutwa siku ya uhuru. Mwisho kanisalimia: "Ugonile, mwalimu."

Saa nne usiku mtu ananiuliza nimeamkaje! Nimecheka peke yangu. Wanyakyusa na Wangonde ni ndugu wa lugha moja, Songwe imewapita katikati tu.

Jumapili, 5 Machi

Baada ya ibada nimekaa na vitabu mpaka jioni. Hoja za upande wetu si chache. Mkataba huohuo, kifungu cha 6, unaruhusu mpaka kurekebishwa kwa makubaliano pale hali ya mahali inapodai. Ramani za Waingereza wenyewe, walipozitawala Tanganyika na Nyasaland, Malawi ya leo, kwa pamoja, hazikupatana: nyingine zilichora mstari majini, nyingine ufukweni. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilihamishia mpaka wao katikati ya ziwa, ndiyo maana visiwa vya Likoma na Chizumulu leo vimezungukwa na maji ya Msumbiji ingawa ni vya Malawi. Na mwaka 1967 serikali yetu iliiandikia Malawi kwamba inautambua mstari wa katikati.

Nimeongeza la Matema, ufukweni kwetu, bila tanbihi, kwa sababu ni la macho yangu: kwa hesabu yake, mama wa Matema akiinama kuchota maji ya kupikia, mikono tayari imevuka mpaka bila pasi.

Jibu lake limekuja usiku, fupi. Kuhusu Matema: "Hilo umeliona, hujalisoma. Litoe." Kuhusu 1954: "Unanisaidia mwenyewe. Waingereza na Wareno walikaa wakatia sahihi. Yenu ya katikati ilitiwa sahihi na nani? Nionyeshe."

La Matema nimelitoa. Kanuni ni kanuni: hatuandiki tulichokiona, tunaandika kilichochapishwa mahali pa kuaminika. La sahihi limenikosesha usingizi.

Jumatano, 8 Machi

Amejitokeza mkabidhi mmoja, mhariri mwenye mamlaka ya kufunga kurasa, kaufunga ukurasa kwa wiki nzima, tena kwenye toleo la mwenzangu. Wahariri wa Wikipedia wana mzaha wa miaka mingi kwamba ukurasa hufungwa sikuzote kwenye toleo lisilo sahihi. Mzaha huo unauma kidogo ukikufika.

Mchana ofisini mwenzangu wa Historia ameniuliza tunalipwa shilingi ngapi. Nilipomwambia hakuna malipo, amenitazama kama mgonjwa. Nikamsimulia ya Gdańsk, mji wa Poland ambao Wajerumani waliuita Danzig. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waligombana, wakatenguana, wakachoshana, hadi mwaka 2005 wakapiga kura kwa kugawa karne: habari za kati ya 1308 na 1945 mji uandikwe Danzig, za kabla na za baada uandikwe Gdańsk. Akasema hiyo ni historia, inaeleweka watu kugombana. Nikamwambia na maziwa ya mgando je? Wazungumzaji wa Kiingereza walibishana tangu 2003 mpaka 2011 kama tahajia ya jina la makala ya mtindi iwe na herufi h au isiwe nayo. Miaka 8. Akaondoka anatikisa kichwa.

Nilichotaka kumwambia, na kengele ikanikatiza, ni kwamba ile ya mtindi ina maana yake pia. Watu waliogombea herufi moja miaka 8 walikuwa wanaisoma makala kila siku. Ya kwetu, aya ya kina cha maji na ya samaki haijaguswa tangu ilipopandwa ikiwa mbegu. Haina tanbihi hata moja. Hakuna anayejali.

Jumamosi, 11 Machi

Leo tumefanya jambo ambalo sikulitegemea. Amependekeza tubadilishane kalamu: mimi niandike dai la Malawi, yeye aandike dai la Tanzania, kila mmoja akague la kwake. Nimekubali nikidhani ni kazi ya nusu saa. Imekula mchana wote. Kila nikiandika sentensi ya Malawi, mkono unachomeka kijineno cha kuipunguza nguvu, "eti" iliyovaa suti. Yeye ananirudishia: "Hapa umenitetea kama wakili aliyelipwa na mshitaki."

Ya kwake juu ya Tanzania imenitia wivu. Kaanza na kifungu cha 6, akaja kwenye ramani zisizopatana, akafuatia 1967, kisha 2011 Malawi ilipoipa kampuni ya Uingereza leseni ya kutafuta mafuta ziwani, na Julai 2012 Tanzania ilipotaka kazi hiyo isimame. Hakupunguza kitu. Nimeongeza koma moja tu, ili nisionekane sikusoma.

Tumekubaliana pande zote mbili "zinadai", hakuna anayedai na mwingine akaachiwa "kueleza". Na ramani: mstari wa katikati na wa ufukweni yote iwe ya nukta nukta. Vijana wangu wa Kidato cha Pili wana atlasi yenye mstari mmoja, katikati ya maji, mweusi na mnene. Wenzao wa Karonga wanaonyeshwa mstari mchangani. Sijui kama kuna mtoto wa upande wowote aliyewahi kuonyeshwa yote miwili.

Usuluhishi wa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano, ulioombwa mwishoni mwa 2012, tumeupa sentensi moja: haujazaa makubaliano.

Jumanne, 14 Machi

Kimbunga Freddy kimeipiga Malawi ya kusini. Redio inataja zaidi ya watu mia waliokufa, wengi Blantyre, mlima ulipomwagika juu ya nyumba za Chilobwe. Rais Chakwera ametangaza hali ya maafa jana. Umeme hakuna sehemu kubwa ya nchi.

Nimeingia kwenye majadiliano. Neno lake la mwisho ni la Jumamosi: "Kesho nakagua tanbihi." Nimemwandikia kwenye ukurasa wake: "Ndugu, upo?" Namba yake ya simu sina, jina lake halisi sijui. Ninachojua ni jinsi anavyochukia vivumishi.

Jumapili, 19 Machi

Ukurasa umefunguliwa tangu Jumatano. Nimeweka aya zetu kama tulivyozikubali. Leo baada ya chakula cha mchana nakuta namba nyekundu kubwa: upande wote wa Malawi umefutwa. Si yeye. Ni mtu mgeni, akaunti ya wiki hii, muhtasari wake: "Ziwa ni letu. Msiuze nchi."

Nimerejesha. Kafuta. Nimemwita kwenye majadiliano, akaja na maneno ya jukwaani, nami nikajikuta nanukuu mkataba wa 1890, kifungu cha kwanza, ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi. Aliponitajia mpaka wa 1954 nikamuuliza ule wa katikati kwa upande wetu ulitiwa sahihi na nani. Akaniandikia: "Mwalimu, umelipwa na nani?"

Bado naamini mstari ni wa katikati. Lakini huyu hakuniachia nafasi ya kuutetea, maana kwake hakuna mtu wa upande wa pili wa kuutetea mbele yake. Akiachiwa makala wiki moja, mwanafunzi atakayeisoma hatajua kuwa kuna mgogoro wowote. Atajua kuna adui.

Jumamosi, 25 Machi

Kimya bado. Redio imesema Tanzania inapeleka Malawi chakula na helikopta za jeshi.

Usiku nimesoma habari za Wikipedia ya Kikroatia. Karibu muongo mzima kikundi kidogo cha wakabidhi waliishika, aliyewapinga walimfungia, waliobaki wakachoka wakahama. Kambi ya Jasenovac, walikouawa maelfu kwa maelfu ya Waserbia, Wayahudi na Waroma wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikaandikwa kama kambi ya kukusanyia watu na ya kazi. Mwaka 2020 kinara wao alipigwa marufuku miradi yote, na ripoti ya Wikimedia ikatoka 2021. Kilichonikaa kichwani ni kwamba kwa nje ile ilionekana kamusi elezo yenye amani. Mabishano yalipungua kwa sababu wabishi walikuwa wamekwishaondolewa.

Kwetu hakuna kikundi cha namna hiyo, na hatuhitaji kikundi. Wahariri wa Kiswahili wanaofanya kazi kila wiki ni wachache kiasi kwamba mtu mmoja mwenye bando na hasira anatosha kuigeuza makala ya nchi nzima, na asiulizwe. Ndiyo maana sasa nikifungua makala isiyo na mabishano hata kidogo kwenye ukurasa wake wa majadiliano, swali langu la kwanza ni nani aliisoma. Mgeni wangu wa "ziwa ni letu" nimemwomba mkabidhi amwonye, asimfungie. Akijifunza kuleta chanzo, atanifaa.

Jambo jingine nimeliona kwangu. Siku hizi nikiandika bila yule wa Karonga, naandika ovyo. Aya ya leo kuhusu meli za Bandari ya Itungi ilikuwa na "maarufu sana" na "inasemekana" ndani ya sentensi moja. Hakuna aliyezifuta. Nimezifuta mwenyewe, nikisikia sauti yake.

Jumapili, 2 Aprili

Amerudi! Kwao ni wazima. Nyumba ya jirani imekwenda, wao wamehamia kwa shemeji Limbe, mtandao anaupata kazini. Hayo kayaandika kwa mistari miwili. Nimempa pole, nikamwambia apumzike, makala haikimbii.

Hakupumzika. Ameipitia historia yote ya ukurasa tangu alipoondoka, ameona nilivyozozana na mgeni, na ameshukuru, kisha akanikosoa: "Ndaga, mwalimu. Ila kwenye jibu lako la tatu umesema mkataba 'unathibitisha'. Mkataba unasema. Kuthibitisha ni kazi ya mahakama." Hakuna kesi iliyofika mahakamani, kwa hiyo nimembadilishia.

Kisha akashuka chini kabisa, kwenye ile aya isiyoguswa na mtu. Kina mita 706: nani kapima, lini, kimechapishwa wapi? Urefu kilomita 580 hapa, 560 pale, mbona makala ina namba mbili? Aina za samaki "zaidi ya 500": vitabu vingine vinakaribia 1,000, tuchukue kipi? Kapachika alama ya "chanzo kinahitajika" sehemu nne. Aya inaonekana kama iliyotoka vitani.

Nimemjibu kwamba namba ya kina inajulikana na kila mtoto wa shule. Kaniuliza mtoto gani, na kitabu chake ukurasa wa ngapi.

Kesho baada ya kipindi cha nne naomba ufunguo wa maktaba. Kuna ripoti za zamani za uvuvi kwenye kabati la nyuma, na simwachii hiyo 580.