Mlango Ufunguliwao kutoka Ndani

Hapa Usenge, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, ninaunda kamusi ya Kijaluo na Kiswahili ya istilahi za uvuvi: omena, mbuta, ngege. Programu yake ingali katika tarakilishi yangu, kwenye anwani 127.0.0.1, ambayo kila mashine hujiita yenyewe. Msomaji aliyeko Kisumu akiiandika, atajibiwa na mashine yake mwenyewe.

Aghalabu mitandao ya simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje, kwani anwani za IPv4, zisizozidi bilioni 4.3, zimeadimika. Mgeni basi hana mlango wa kubisha hodi. Suluhisho ni handaki: programu kama ngrok, iliyozuka mwaka 2013, hutoka kwanza kuiendea seva ya mbali, na maombi ya wageni hurejea kwa njia iyo hiyo.

Hata hivyo, handaki halichagui mgeni. Yeyote aipataye anwani huingia. Wavuvi walionipa sauti zao walinipa mimi, si ulimwengu. Kwa hivyo kabla ya kulifungua huziondoa sauti hizo, nikatia neno la siri, na mhadhiri akishasoma hulifunga. Sisi watafiti wa lugha tumezoea kuomba ruhusa ya kurekodi. Ruhusa ya kueneza ni nyingine, nayo huombwa upya.