Kwa Nini Mlinikosa Kwenye Testi

Najua mmeniulizia sana, na wengine mkaanza kusema nimedisko kimya kimya. Sijadisko. Kimya changu kina sababu, na sababu yenyewe ilizaliwa na kilo 1.4.

Mimba ilikuwa na wiki 31. Nipo zangu vimbwetani napiga msuli, tumbo likaanza kuuma, nikasingizia chipsi za jana yake. Kesho yake asubuhi nilikuwa mama. Mtoto sikumbeba. Nilionyeshwa tu mara moja, wakaondoka naye kwenda chumba cha njiti, na mimi nikarudishwa wodini mikono mitupu. Wenzangu vitandani wananyonyesha, mimi naangalia ukuta.

Ndipo sista mmoja akaja na kikombe kilichooshwa kwa maji ya moto. "Mama, mwanao anasubiri chakula kule. Tukamue." Nikamwambia maziwa hayajatoka bado. Akacheka: "Hayatoki yenyewe. Yanaitwa."

Mabinti, sikilizeni hapa, maana hakuna kozi inayofundisha hili. Unanawa mikono kwa sabuni. Unakanda titi taratibu. Kidole gumba juu, vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi. Unasukuma kuelekea kifuani, unabana, unaachia. Unarudia. Chuchu usiivute, utaumia bure. Siku ile nilikamua karibu nusu saa nikapata matone ya njano yasiyojaza hata kijiko cha chai. Niliona aibu kweli. Sista akayavuta yote kwa bomba la sindano, hakuacha hata tone. "Hii ni dang'a," akasema. "Ndiyo chanjo yake ya kwanza."

Kumbe njiti wa umri ule hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja. Uwezo huo huja kwenye wiki ya 34 hivi. Kwa hiyo wangu alilishwa kwa mrija mwembamba. Na utumbo wake bado mbichi, unaweza kupata ugonjwa mbaya wa kuua, na maziwa ya mama ni kinga kubwa. Ukimtazama na mipira yake unajiona huna la kufanya, madaktari na mashine ndio wanafanya kila kitu. Lakini maziwa nilikuwa nayo mimi.

Ratiba ikawa mara 8 kwa siku: saa 12, saa 3, saa 6, saa 9, mchana na usiku. Ile ya usiku walituambia tusiiruke kabisa, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Mama yangu akapiga simu kutoka Moshi: "Mwanangu, kunywa mtori, maziwa yatakuja." Nimekunywa mtori, nimekunywa uji wa ulezi, nimekunywa chai ya pilipili manga mpaka masikio yanatoa moshi. Vizuri, vinatia nguvu, sikatai. Lakini mtori haukamui. Titi linalotolewa maziwa mara nyingi ndilo linalotengeneza mengi.

Siku ya 9 tuliambiwa vitanda vya wazazi havitoshi, wanaokaa mjini wawe wanalala kwao na kurudi asubuhi. Nikarudi hosteli. Mnamjua matroni wetu, yule yule anayetunyang'anya majiko ya umeme? Nilienda kumwomba nafasi kwenye friji ya ofisini kwake nikitetemeka. Hakusema neno, akafungua droo, akanipa ufunguo. Kila alfajiri nachukua chupa zangu, napanga na barafu kwenye kopo la kutunzia baridi, napanda daladala ya kwanza. Mwenzangu wa chumbani, ambaye hana mtoto wala mchumba, akatega alamu ya saa 9 usiku kwenye simu yake, maana yangu nilikuwa naizima usingizini.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Wiki ya tatu zikaja testi mbili, Jumatano na Ijumaa. Nikajiambia, nikikosa koswaki nimekwisha, bumu litapotea, nitarudi nyumbani na njiti na bila digrii. Jumapili nikamwambia mwenzangu azime alamu, nilale usiku mzima, kichwa kipumzike. Mchana nako nikawa naruka, nakamua mara 4, mara 3. Nikaona kawaida tu, si yamo mengi?

Alhamisi asubuhi nikafika na chupa. Mtoto alikuwa anapewa mililita 30 kila baada ya saa 3, yaani 240 kwa siku. Kabla ya hapo nilikuwa naleta 350. Sista akapima, akanyamaza, akapima tena. Jumla ilikuwa 180.

"Mama, umekuwa na nini?"

Nikamweleza. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema matiti yakikaa yamejaa, mwili unajua hakuna mlaji, unapunguza. Na kama itaendelea hivyo, itabidi watafute cha kujazia. Nililia pale pale mbele ya wazazi wenzangu. Sikulilia testi.

Akanivua gauni juu, akamweka mtoto kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga kwa kanga. Ule mtindo wa kangaruu ulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Na utafiti wa WHO uliotoka mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa moja ya nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kwamba kuuanza mapema, mara tu baada ya kuzaliwa, kunapunguza vifo vya watoto wadogo kama hawa. Mimi siku ile nilijua tu kwamba kanashika ngozi yangu kwa vidole, na kwamba maziwa yalianza kudondoka yenyewe. Nikakamua pale pale.

Ijumaa sikwenda kwenye testi. Nilimpelekea mwalimu barua ya hospitali, akaisoma mara mbili, akasema nitafanya spesho. Nilikuwa nimeogopa mlango ule wiki nzima, na mazungumzo yenyewe hayakufika dakika tano. Kwa hiyo wewe uliye na tatizo, nenda kaseme kwanza kabla hujaanza kujitoa kafara kimya kimya. Mimi nilimkata mtoto wangu chakula ili nisimwombe mtu.

Nikarudi kukamua kila baada ya saa 2 mchana, na usiku alamu ikarudi. Siku mbili za mwanzo hakuna kitu, nilikata tamaa. Siku ya nne ilifika 230, baada ya wiki 320.

Jana alinyonya kwa mara ya kwanza. Ana kilo 1.75. Alivuta mara nne hivi, akachoka, akalala na titi mdomoni. Sista akasema inatosha kwa leo.

Mwenye desa za wiki ya tano mpaka ya nane aniwekee, nitalipa kwa maandazi. Alamu ya saa 6 imelia, naenda kukamua.