Kwaya ya watu watatu

Heinrich Schütz alizaliwa Ujerumani mwaka 1585, miaka mia kabla ya Bach. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Mtawala mmoja alilala pale, akamsikia mtoto akiimba, baadaye akamchukua kumsomesha, hata akamtuma Venice kwa Giovanni Gabrieli. Mwaka 1619 Schütz akatoa Psalmen Davids, zaburi za kwaya mbili, tatu, mpaka nne kwa pamoja.

Lakini vita vilishaanza 1618, na vilidumu miaka 30. Pesa zikaenda kwa askari. Waimbaji wake wa Dresden wakakaa bila mshahara, kwaya ikapukutika. Basi mwaka 1636, tena 1639, akatoa nyimbo ndogo za sauti moja mpaka tano, na ogani tu.

Hapa Lobule, Koboko, kwaya yetu pia imepukutika. Mgao wa chakula ulipungua, wengine wakaenda Arua kutafuta kazi, wengine wakarudi Kongo. Tumebaki watatu. Watu wanatuambia, jameni, fungeni kwanza mpaka wenzenu warudi.

Mimi nakataa. Wimbo wa sauti nne ukiimbwa na watatu, kila mtu anasikia shimo. Ulioandikwa kwa watatu hauna shimo. Nyimbo ndogo za Schütz nimezisikiliza kwenye simu mpaka chaji ikaisha: sauti moja inauliza, nyingine inajibu, kila neno linasikika. Kwaya kubwa mara nyingi inameza maneno, tuseme ukweli.

Nimeshaandika Zaburi ya 13, sauti tatu na ngoma moja. Jumamosi saa kumi tunaijaribu chini ya mwembe.